Bei ya shamba ni ya siku aliyopita mthamini

Kesi nyingi za ardhi zinazotokana na miradi ya miji nchini Tanzania hazipingi mji kukua. Wenye ardhi wanabishania bei, na bei hiyo hutegemea siku aliyopita mthamini.

Siku hiyo mwenye shamba husimama mbele ya nyumba au mnazi wake, ameshika karatasi yenye namba, akapigwa picha. Vyumba vinapimwa, miembe na mikorosho inahesabiwa, fomu zinasainiwa, mwenyekiti wa mtaa akishuhudia. Tangu hapo hathubutu kuongeza hata tofali, maana atakachojenga hakitalipiwa.

Kwa maandishi, sheria haimpunji. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka alipwe bei ya soko, posho ya usumbufu, kodi ya pango ya miezi 36 na gharama za kusafirisha tani 12 za mizigo. Mahakama ya Rufani nayo, katika shauri la Akonaay la mwaka 1994, ilitamka kwamba hata ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba.

Anakoumia ni kwenye muda. Miezi sita ikipita bila malipo anastahili riba, ila kwa kiwango cha amana za muda maalumu benki. Ardhi haingoji amana. Mradi ukitangazwa tu, viwanja vya jirani vinapanda. Yeye amebaki na bei ya zamani. Akija kulipwa, anatafuta kiwanja kwenye soko ambalo mradi huohuo umeshalipandisha bei. Kigamboni wanalijua hili: mji mpya ulitangazwa mwaka 2008, wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, wakakaa miaka bila fidia wala ruhusa ya kujenga. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016. Mji uliochorwa haujasimama.

Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 imetia dawa ya kweli: uthamini wa fidia hufa baada ya miaka miwili. Halmashauri zinalalamika kwamba kurudia ni gharama. Basi zitafute fedha kwanza, ndipo zipeleke wathamini.

Anayeamua kuishtaki serikali hutoa notisi ya siku 90. Tangu mwaka 2020, hata akiidai halmashauri lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu, si baraza la ardhi la wilaya. Mwenye ekari mbili hana fedha za wakili wa kumfikisha huko, kwa hiyo majirani huchangishana na kuomba kibali cha kesi ya uwakilishi, na miezi mingine hukatikia kwenye kibali hicho.