Shule za Rosenwald: Dirisha Kwanza, Mabati Baadaye



Kikundi kikikaa kupanga darasa jipya, swali la kwanza huwa ni mabati mangapi na mifuko mingapi ya simiti. Dirisha litakaa upande gani, hilo huachiwa fundi. Hebu leo tutazame shule fulani za vijijini huko Marekani. Huko dirisha lilipangwa kabla ya vingine vyote, na wanakijiji wenyewe walichanga.

Mambo yalianza Alabama mwaka wa 1912. Siku hizo, katika majimbo ya kusini, mtoto mweusi hakuruhusiwa kusoma pamoja na mweupe. Wazazi weusi walilipa kodi kama wengine, lakini sehemu kubwa ya pesa ilikwenda shule za weupe. Watoto wao walisomea makanisani au kwenye vibanda vya mbao vinavyovuja. Basi Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee, aliongea na tajiri wa Chicago, Julius Rosenwald, mkubwa wa kampuni ya Sears, Roebuck iliyouza bidhaa kwa njia ya posta. Wakakubaliana: tajiri hatajengea mtu shule nzima. Atatoa kiasi, wenyeji watoe chao.

Shule ya kwanza kukamilika ilikuwa ya Loachapoka, mwaka wa 1913. Iligharimu dola 942 na nusu. Rosenwald alitoa 300, majirani weupe 360. Watu weusi walitoa 150 taslimu, na kazi ya mikono yao ikahesabiwa kuwa dola 132 na nusu. Kazi ya mikono iliandikwa kitabuni kama pesa! Ni vikundi vyetu vingapi vinaandika siku ambazo kina mama walibeba maji na mawe?

Sasa tuje kwa jengo lenyewe. Michoro ya mwanzo ilitoka Tuskegee, na mmoja wa waliohusika alikuwa Robert R. Taylor, msanifu majengo mweusi. Kuanzia 1920 kazi hiyo ilihamia ofisi ya Nashville chini ya Samuel L. Smith. Kulikuwa na mchoro wa shule ya mwalimu mmoja, wa walimu wawili, watatu na kuendelea. Kiwanja kilitakiwa kiwe angalau ekari mbili, ili watoto wapate pa kucheza na pa kulima.

Umeme haukuwepo vijijini, kwa hiyo taa ilikuwa jua. Madirisha yalikuwa marefu, mengi, yamebanana pamoja kwenye ukuta mmoja wa darasa. Si moja hapa na jingine kule, kwa sababu ukuta ulio katikati ya dirisha na dirisha hutupa kivuli kwenye madawati. Madawati yalipangwa ili mwanga uingie kutoka mkono wa kushoto. Kwa nini kushoto? Wengi wetu huandika kwa mkono wa kulia. Mwanga ukitoka kulia, mkono wako mwenyewe unatia kivuli kwenye daftari. Kuta za ndani zilipakwa rangi nyeupe nyeupe ili zirudishe mwanga. Juu kwenye ukuta wa ndani waliacha vidirisha vidogo vya kupitisha hewa. Nyumba nzima iliinuliwa juu ya nguzo fupi, upepo upite chini na mbao za sakafu zisioze.

Kati ya madarasa mawili mara nyingi kulikuwa na ukuta wa kukunja. Ukikunjwa, yanakuwa ukumbi mmoja wa mikutano na sherehe. Chumba kingine kilikuwa cha kazi: kushona, kupika, useremala. Yaani jengo moja lilikuwa la watoto mchana na la kijiji kizima jioni.

Lakini msikimbilie kunakili. Smith alitaka madirisha yatazame mashariki au magharibi. Kule ni mbali na ikweta, na baridi ipo. Jua la asubuhi au alasiri lilisaidia. Kwetu Kenya jua hilo huingia likiwa chini, linachoma watoto machoni na kupasha darasa joto. Hapa urefu wa jengo ulale mashariki kwenda magharibi, na madirisha yatazame kaskazini na kusini. Kanuni ya mkono wa kushoto haibadiliki.

Wakongwe wetu watakumbuka walimu wa Jeanes waliofunzwa Kabete kuanzia 1925. Mtindo huo ulitoka huko huko kusini mwa Marekani, ambako walimu wa Jeanes walizunguka vijijini na kuhimiza michango ya shule za Rosenwald. Watu waliuza kuku na mayai. Wengine walitenga sehemu ya shamba la pamba, mavuno yake yakawa ya shule.

Kufikia 1932 shule 4,977 zilikuwa zimejengwa. Majengo yote, pamoja na nyumba za walimu, yaligharimu kama dola milioni 28.4. Kodi ilitoa 18.1, Rosenwald 4.4, na watu weusi 4.7. Kumbe waliochanga kuku na mayai walimpita tajiri ambaye shule zina jina lake! Na kodi walikuwa wamelipa pia.

Tatizo lilikuja baadaye. Sharti lilikuwa kwamba kiwanja na jengo viandikwe kwa bodi ya shule ya serikali. Baada ya hukumu ya mahakama ya 1954, watoto walianza polepole kuunganishwa na shule hizi zikafungwa moja moja. Bodi ziliuza nyingine na kuacha nyingine zioze. Kuna vijiji vilivyolazimika kununua jengo ambalo babu zao walijenga. Kwa hiyo kabla ya kuchimba msingi, kamati iulize: hati ya kiwanja itakuwa na jina la nani, na shule ikifungwa jengo litarudi kwa nani? Jibu liandikwe na kutiwa sahihi.

Leo zimebaki kama shule 500. Mwaka wa 2002 ziliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya Marekani yaliyo hatarini. Zilizotengenezwa upya ni kumbi za kijiji au nyumba za makumbusho, na kwa baadhi yake mafundi walianza kwa kufungua madirisha yaliyozibwa umeme ulipofika.