Chuma Kikivutwa Hupoa

Fundi yeyote wa kuchomelea vyuma Kisii mjini, Keroka au Nyamira anaijua kazi hii: chesisi ya lori iliyopasuka. Ni lori linalozoa majani mabichi kwenye vituo vya kununulia chai, likapanda na kushuka vilima hadi kiwandani Kebirigo, Sang'anyi au Nyansiongo, au upande wa Kisii, Nyamache na Ogembo. Ufa nao una mazoea yake. Huanzia ukingoni mwa tundu la bolti au pale mshono wa weldingi ya zamani unapoishia.

Mwenye gari hulaumu mzigo wa siku ile. Anauonea. Chuma hicho kimechoka. Kimekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mno, kila mara kwa nguvu isiyoweza kukivunja kwa mpigo mmoja, na Mjerumani August Wöhler alikwisha kuonyesha katika karne ya 19, kwa ekseli za garimoshi, kwamba hiyo yatosha kuua chuma. Anachotaka mhandisi ni kujua mkazo umejikusanya wapi kabla ufa haujatokeza. Njia mojawapo ni kupima joto.

Chukua raba bendi ya kufungia noti, iguse mdomoni, ivute ghafla, kisha iguse tena. Imepata joto. John Gough, Mwingereza aliyekuwa kipofu, alilieleza jambo hili mwaka 1805. Chuma hufanya kinyume: kikivutwa hupoa, kikibanwa hupata joto. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alilitolea hesabu miaka ya 1850, na James Joule akalipima.

Kidole hakiwezi kulihisi. Mkazo ukiongezeka kwa megapaskali 1, yaani kama kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba, joto la chuma hushuka kwa takribani sehemu moja ya elfu ya nyuzi Selsiasi. Aluminiamu hushuka kama mara tatu ya hapo. Basi sehemu ya chesisi ambayo mkazo wake hupanda na kushuka kwa megapaskali 50 hubadilika joto kwa sehemu tano tu za mia za nyuzi. Wingu likipita juu ya Nyamira mchana hubadilisha joto la bamba zaidi ya hapo.

Kwa hiyo kipande hupelekwa maabara. Hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu chuma kinachong'aa humrudishia mpimaji joto la mwili wake mwenyewe. Kisha mashine hukivuta na kukiachia, tuseme mara 10 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ya lazima: ukivuta polepole, joto hutiririka kutoka sehemu moja hadi nyingine na alama hufutika. Kamera ya joto hupiga maelfu ya picha, na kompyuta hubakiza tu mabadiliko yanayokwenda sambamba na mdundo wa mashine. Upepo, jua na mtu aliyepita karibu, vyote hutupwa nje. Miaka ya 1980 Waingereza walikuwa na kifaa kiitwacho SPATE, kilichosoma nukta moja baada ya nyingine kwa saa nyingi. Kamera za leo huona uso mzima kwa dakika chache.

Tazama bamba lenye tundu la duara likivutwa juu na chini. Kushoto na kulia kwa tundu, joto hushuka mara tatu zaidi ya sehemu zilizo mbali nalo. Juu na chini ya tundu lilelile, chuma kinapata joto kidogo: pale kinabanwa, ingawa bamba zima linavutwa! Kirsch, Mjerumani mwingine, alikuwa amelikokotoa hilo kwa kalamu mwaka 1898. Kamera inakuonyesha waziwazi, na inafanya hivyo hata kwa vipande vyenye maumbo ambayo kalamu haiyawezi.

Ina mipaka. Husoma uso tu, hutoa jumla ya mikazo ya pande mbili bila kuitenganisha, na haioni mzigo uliotulia. Wala usiichanganye na kamera za mkononi ambazo mafundi hutumia kukagua beringi za mashine za CTC za kusagia chai au nyaya zilizolegea kwenye swichibodi. Joto lile ni la msuguano na la umeme, nalo hufika nyuzi nyingi. Kwa kazi hiyo kamera ya mkononi ni mali. Lakini anayekuuzia akidai kwamba peke yake itakuonyesha mkazo wa chesisi, mwache aende zake.

Mwenye lori hahitaji maabara ili kunufaika na somo hili. Usitoboe bapa la juu wala la chini la chesisi, maana ndiko mkazo ulikojaa; tundu likibidi, liwe ubavuni, karibu na katikati. Usikubali mshono unaolikata bapa kwa upana. Kiraka cha kuimarisha kikikatwa mraba huhamishia mkazo kwenye ncha zake, na ufa ujao utatokea hapohapo, kwa hiyo ncha zichongwe zipungue polepole. Osha tope, tazama kila mwisho wa mshono. Ukiona mstari mwembamba wa kutu unaochuruzika kutoka chini ya rangi, usipakie majani siku hiyo.