Urejelezaji Huanzia Mlango wa Nyuma wa Duka

Mjadala wa taka za Dar es Salaam ukipamba moto, huelekea kwenye mitambo: kiwanda cha urejelezaji kijengwe wapi, tanuru la kuzalisha umeme kwa taka ligharamiwe na nani, magari mapya ya kuzolea yatafika lini. Kwa eneo la biashara kama Kariakoo, maswali hayo yameanzia mwisho. Boksi lililokuja na mzigo kutoka China litarudi kuwa karatasi au litaozea dampo la Pugu Kinyamwezi kutegemea jambo dogo linalofanyika wakati wa kufunga duka: limewekwa peke yake, au limesukumwa ndani ya kiroba kimoja na makombo ya chakula cha mchana. Hoja yangu ni kwamba wafanyabiashara wa mjini ndio wa kuanza nao, na kanuni ya kuanza nayo ni moja tu: taka mbichi zisikutane na taka kavu. Kanuni hiyo ikishika, mitambo itakuwa na kazi ya kufanya. Isiposhika, hata mtambo wa bei ghali utageuka ghala la uchafu.

Sababu ya kuanza na biashara ni tabia ya taka zenyewe. Taka za kaya ni kidogo kidogo, za kila aina, tena zimetawanyika katika maelfu ya nyumba ambazo nyingine gari halizifikii. Duka la vitambaa hutoa maboksi na nailoni za kufungia marobota, basi. Banda la matunda hutoa maganda, mama lishe hutoa makombo, baa hutoa chupa, ofisi hutoa karatasi, fundi simu hutoa betri na vioo vilivyopasuka. Aina inajulikana kabla, saa ya kuzitoa nje inajulikana, na mtaa mmoja unaweza kujaza guta zima la maboksi kwa jioni moja. Zaidi ya hayo, mwenye biashara ana leseni na mahali pa kumkuta, kwa hiyo kanuni ina wa kumbana. England imefuata mantiki hiyohiyo: tangu tarehe 31 Machi 2025, maeneo ya kazi yenye wafanyakazi 10 au zaidi yanalazimika kutenga mabaki ya chakula na vitu vikavu vinavyorejelezeka, biashara ndogo kuliko hizo zimepewa hadi Machi 2027, na zamu ya kaya ikapangwa kuanza mwaka mmoja baada ya biashara kubwa. Walioanza ni wale ambao taka zao ni nyingi, zinafanana, na zinafuatilika.

Ama kanuni ya mbichi na kavu, nguvu yake inatokana na hesabu. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka duniani inakadiria kwamba asilimia 43 ya taka za Afrika Kusini mwa Sahara ni mabaki ya chakula na majani, na kwamba asilimia 69 ya taka zote za ukanda huu hutupwa kwenye madampo ya wazi. Fungu kubwa kuliko yote, basi, ndilo linaloharibu mafungu mengine. Boksi kavu lina soko, ila likilowa mchuzi nyuzi zake hulegea, huota ukungu, na mnunuzi hulikataa au hulipunja bei. Chupa ya plastiki yenye mafuta huhitaji maji na sabuni kabla ya kusagwa, na gharama ya kuiosha inaweza kumeza faida yote. Madhara hayaendi upande mmoja. Mboji iliyochanganyika na vipande vya vioo haina mkulima wa kuinunua, na maganda yaliyolala na betri hayafai kulisha mfugo wowote. Hasara hii yote hutokea ndani ya kiroba, kabla gari halijafika, na hakuna mtambo wa kuifuta kwa bei nafuu.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwa macho. Maganda, mboga na matunda yaliyooza kwa kawaida ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Gari linalobeba taka za sokoni kutoka katikati ya jiji hadi Pugu linachoma dizeli kwa kiasi kikubwa ili kusafirisha maji. Yakifika dampo, yakafukiwa pasipo hewa, mabaki hayo hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha joto angahewa takribani mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Maji yake hushuka chini yakiwa na sumu, na rundo lenyewe huloa na kulegea. Maporomoko ya dampo la Koshe, Addis Ababa, mwezi Machi 2017 yaliua watu zaidi ya 100, na yale ya Kiteezi, Kampala, mwezi Agosti 2024 yakaua zaidi ya 30. Milima ile ilikuwa na sababu nyingi za kuanguka, lakini taka mbichi zilizorundikwa juu ya taka nyingine bila mpango ni sehemu ya kila mlima wa namna hiyo. Kilo moja ya maganda isiyopanda gari imepunguza gharama ya mafuta, gesi na hatari kwa pamoja.

Je, mfanyabiashara atakubali kutenga? Jibu tunalo mitaani tayari. Mwenye baa hatupi chupa ya kioo ya bia wala ya soda, kwa kuwa anayekwenda kwa wakala bila kreti na chupa tupu hulipa zaidi. Hakuna semina iliyomfundisha. Fedha imefungwa ndani ya chupa. Maboksi na vyuma chakavu vivyo hivyo havikai barabarani, maana mtu mwenye mkokoteni huvifuata. Palipo na bei, utenganishaji hufanyika wenyewe. Makombo hayana bei ya namna hiyo, na ada ya taka ikiwa inatozwa kwa aina ya biashara tu, mgahawa unaotenga kwa uangalifu hulipa sawa na unaochanganya. Utaratibu huo humwambia mwenye mgahawa kwamba uangalifu wake ni kazi ya bure. Rekebisho linalofaa ni kuweka ada ya msingi kwa kila biashara, kisha bei tatu juu yake: kavu safi ichukuliwe bila malipo, mbichi iliyotengwa itozwe kidogo, na mchanganyiko utozwe ghali.

Korea Kusini ndiyo nchi iliyoisukuma fikra hii mbali. Mwaka 1995 ilianza kutoza ada kwa ujazo: taka mchanganyiko hutiwa kwenye mifuko maalumu inayouzwa, ilhali zinazorejelezeka hazihitaji mifuko hiyo. Mwaka 2005 ikapiga marufuku kuzika mabaki ya chakula moja kwa moja dampo, na mwaka 2013 ikaeneza nchi nzima utaratibu wa kulipia mabaki hayo kwa kiasi chake. Leo zaidi ya asilimia 90 ya mabaki ya chakula yanayokusanywa huko hugeuzwa chakula cha mifugo, mboji au gesi. Msomaji atasema Korea ina fedha na maofisa ambao sisi hatuna, na atakuwa na haki. Cha kuiga ni mpangilio: bei ilitangulia, marufuku ikafuata miaka 10 baadaye, wakati watu wameshazoea. Wala hatukosi uthibitisho wetu wenyewe kwamba kanuni nyepesi hufuatwa. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 ilibadili tabia ya masoko kwa muda mfupi, kwa sababu kila mtu aliielewa kwa sentensi moja. Iliponyong'onyea ni pale vifungashio vyembamba vilivyoruhusiwa kwa kazi nyingine vilipoanza kutumika kama mifuko. Mwanya wa kwanza ndio uliotumika.

Pingamizi la kwanza la wenye maduka ni nafasi. Fremu nyingi za Kariakoo hazina hata pa kuweka kiti cha mteja, sembuse mapipa mawili. Ni kweli, lakini kutenga hakuongezi taka. Kiasi kilekile hugawanywa katika vyombo viwili vidogo. Kwenye maghorofa, wajibu uwekwe kwa mwenye jengo badala ya kila mpangaji: atenge sehemu moja ya pamoja chini, yenye kiroba cha kavu na pipa lenye mfuniko la mbichi. Kinachomaliza nafasi hasa ni ratiba mbovu. Mbichi zikichukuliwa kila usiku na kavu mara mbili au tatu kwa wiki, hakuna kitakachorundikana, na gari halitapigania barabara na wateja mchana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ukiongeza bei ya taka, watu watazitupa usiku mitaroni. Kariakoo iko jirani na Jangwani, ambako mafuriko ya Mto Msimbazi hufunga barabara, na mitaro iliyozibwa na taka huzidisha adha. Ndiyo maana ada ya msingi lazima ilipwe na kila biashara pamoja na leseni, atoe taka au asitoe. Aliyekwisha kulipia huduma hapati faida kubwa kwa kutupa mtaroni, na kwa kuwa kavu na mbichi zilizotengwa zina njia rahisi ya kutoka, njia ya wizi inapoteza mvuto. Bei ya mchanganyiko nayo ipande polepole, ili isimshtue mtu siku ya kwanza.

Wengine husema kutenga ni mchezo, kwa kuwa gari likija humwaga vyote pamoja. Hilo ndilo lalamiko lenye haki kuliko yote, na linapaswa kujibiwa ndani ya mkataba wa mkusanyaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka usimamizi wa taka ngumu mikononi mwa mamlaka za serikali za mitaa, na mamlaka inayoajiri mkandarasi inaweza kumlipa kwa tani alizofikisha zikiwa zimetengwa, zikapimwa kwa mizani, badala ya kumlipa kwa safari. Mkandarasi anayelipwa kwa safari hana sababu ya kujali kilichomo. Mkataba huohuo uwataje waokotaji wa taka. Wao ndio waliobeba urejelezaji wa jiji hili kwa miaka mingi bila glovu wala bima, na mpango unaoyapeleka maboksi yote kwa kampuni moja utakuwa umewanyang'anya riziki kwa jina la mazingira. Wakisajiliwa kwa vikundi na kupewa haki ya kuchukua kavu mtaa kwa mtaa, watapata kilo nyingi zaidi kwa saa, zenye bei nzuri, bila kufukua makombo yenye vioo ndani yake.

Kuna wanaouliza: soko la bidhaa zilizorejelezwa likianguka, itakuwaje? Huanguka kweli. Bei ya plastiki chakavu hufuata bei ya mafuta ghafi, na China ilipobana uingizaji wa taka mwaka 2018, shehena kubwa kutoka Ulaya na Marekani zikakosa mnunuzi. Ndiyo sababu nguzo ya mpango huu iwe taka mbichi. Faida yake kubwa ni gharama inayoepukwa, ya dizeli na ya nafasi dampo, na gharama hiyo haishuki kwa uamuzi wa Beijing. Matumizi yake pia yako karibu: kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa Kinondoni kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kilikusudiwa mabaki ya masokoni, na wafugaji wa kuku na samaki wanaweza kulisha mifugo yao funza wa nzi waliokuzwa kwa makombo. Wanaopendelea kuchoma taka zote ili kupata umeme wanakutana na ukuta uleule wa maji: taka zenye unyevu mwingi hutumia joto lake zenyewe kujikausha. Hata tanuru lingepata nishati bora kama lingeletewa kavu isiyouzika peke yake. Na zipo taka, kama vile sahani za povu na pakiti zenye tabaka za plastiki na alumini, ambazo hazina mnunuzi hata zikitengwa. Dawa ya hizo ni kuzipunguza dukani, na zikibaki peke yake ndani ya kiroba cha mchanganyiko cha bei ghali, mfanyabiashara mwenyewe ataona zinamgharimu kiasi gani.

Hatua ya kwanza, basi, haihitaji mfadhili. Inahitaji sheria ndogo yenye sentensi chache kwa mitaa michache ya Kariakoo: mbichi na kavu zitengwe, mwenye jengo awajibike, ada itofautiane, mkandarasi alipwe kwa mizani, vikundi vya waokotaji vipewe kavu. Kipimo cha mafanikio kiwe kilo za mbichi zilizopimwa kila mwezi bila kwenda Pugu, zitangazwe hadharani mtaa kwa mtaa. Tarakimu hizo zikipanda kwa mwaka mzima, jiji litajua lijenge kiwanda cha ukubwa gani, na mwekezaji atajua atapata malighafi ya aina gani. Zisipopanda, tutakuwa tumebaini kosa kwa gharama ya mapipa na mizani, kabla ya kukopa mabilioni kwa ajili ya mtambo ambao ungeletewa taka usizoweza kuzitumia.