Je, Wajua? Natchez, Mji wa Juu ya Genge

Je, wajua kwamba Natchez, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, ni mkongwe kuliko New Orleans? Wafaransa walijenga ngome hapo mwaka 1716, miaka 2 kabla ya kuanzisha New Orleans.

Je, wajua mji huo umepata jina lake kwa wenyeji wake, Wanatchez? Waliinuka dhidi ya Wafaransa mwaka 1729, wakashindwa, na wengi wao wakauzwa utumwani Karibi.

Je, wajua genge la Natchez, lenye kimo cha mita 60 hivi, ni udongo ulioletwa na upepo enzi za barafu? Matajiri wa pamba walijenga juu, mafuriko yasiwafikie. Bandari, vilabu vya pombe na kamari vikabaki chini, kando ya maji.

Je, wajua wafanyabiashara walioteremka na mto Mississippi, unaopita chini ya genge hilo, hawakuweza kurudi na mashua zao? Mkondo uliwazidi nguvu. Basi walizibomoa, wakauza mbao, kisha wakashika njia kwa miguu hadi Nashville, kilomita zipatazo 700. Meli za mvuke zilipoanza kupanda mto, njia hiyo ikakosa watu.

Je, wajua mwanamfalme Mwislamu wa Futa Jallon, Abdul Rahman Ibrahima, aliuzwa hapa mwaka 1788? Mwaka 1807, akiwa sokoni karibu na mji, alikutana na daktari Mzungu aliyewahi kutunzwa na baba wa mwanamfalme huyo huko Afrika. Daktari alijaribu kumkomboa, bwana wake akakataa. Abdul Rahman aliachiwa huru mwaka 1828, akafia Liberia mwaka uliofuata.

Je, wajua Natchez ilikuwa na soko la watumwa lililozidiwa na lile la New Orleans tu katika ukanda wa kusini kabisa mwa Marekani? Mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanajeshi weusi walibomoa vibanda vyake, mbao zikatumika kujenga kambi yao.

Je, wajua Mmarekani mweusi wa kwanza kuingia Seneti, mwaka 1870, alikuwa mchungaji wa kanisa hapa Natchez? Ni Hiram Revels.

Je, wajua Vidalia, mji wa ng'ambo, ulihamishwa mwishoni mwa miaka ya 1930? Wahandisi wa jeshi walitaka kuukata ukingo ili mto upanuke, nyumba zikasogezwa nyuma zaidi ya kilomita 1.