Sakafu za epoksi: rangi ikibanduka, kosa ni la nani?



Mwaka jana walikuja ofisini kwetu vibarua wanne kwa siku moja, wote kutoka depo moja hapa Gisenyi. Walikuwa wamepaka sakafu ya depo hiyo rangi ya epoksi kwa siku sita. Mwenye depo akaingiza magunia yake, na baada ya wiki tatu sakafu ikafura malengelenge, kama mkono ulioungua kwa maji ya moto. Kapita akasema wamechanganya dawa vibaya. Malipo yao ya wiki ya mwisho yakazuiwa.

Mimi sikusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini nilifanya kazi ya ujenzi miaka kumi na minane kabla ya kushika kazi ya chama. Nilikwenda kuiangalia ile sakafu. Nikatoboa lengelenge moja kwa msumari. Ndani mlikuwa na maji. Nikatoboa la pili, maji tena. Rangi iliyochanganywa vibaya haitoi maji. Hubaki laini, inanatanata, kidole kinaacha alama. Hii ilikuwa ngumu kama sahani.

Kwa kuwa depo zinazopakwa rangi hii zinaongezeka mjini kwetu, yafaa kila mfanyakazi aijue kazi hii vizuri, asije akabebeshwa kosa lisilo lake.

Kwanza, kwa nini matajiri wanaitaka. Beto, au zege kama wanavyosema Tanzania, huonekana ngumu lakini ina vitundu vidogo visivyohesabika. Magurudumu ya mkokoteni na ya forklifti huisaga ikatoa vumbi, na vumbi hilo hukaa juu ya mchele, unga na maharage. Mafuta ya gari huzama ndani yake yasitoke tena. Bia iliyomwagika na maziwa yaliyochacha vyote vina uchachu, na uchachu hula simenti. Epoksi huziba vile vitundu, sakafu ikawa kitu kimoja kinachopigwa deki na kukauka.

Dawa hii huja katika madebe mawili, A na B. Debe la A ni gundi yenyewe. Debe la B ni dawa ya kuigandisha. Kila moja peke yake hukaa miezi mingi bila kuganda, lakini yakikutana huanza kushikana na kutoa joto, na hakuna awezaye kuyatenganisha tena. Kipimo kimeandikwa kwenye debe. Kuna aina ya mbili kwa moja, kuna ya nne kwa moja. Usikisie kwa macho, na usifikiri kwamba kuongeza B kutaharakisha kazi. Itaharibu kazi. Ukishachanganya, una kama nusu saa tu, na kukiwa na joto una muda mfupi zaidi. Mimina sakafuni mara moja. Ukiiacha ndooni ukaenda kunywa chai, utaikuta inafuka moshi, na ndoo yenyewe inaweza kuyeyuka.

Sasa tufike kwenye yale maji. Beto mpya inahitaji siku 28 kabla ya kupakwa, na mara nyingi zaidi ya hapo, kwa sababu maji yaliyochanganywa na simenti hutoka polepole. Tajiri mwenye haraka anataka siku 10. Tena hapa kwetu tuko kando ya Kivu, mvua ni nyingi, na depo nyingi za zamani zilimwagwa beto juu ya udongo mtupu bila nailoni chini. Unyevu hupanda kutoka ardhini mwaka mzima. Ukiziba juu kwa epoksi, maji yanakosa njia, yanakusanyika chini ya rangi na kuisukuma. Wale wenye maghala upande wa mto Sebeya wanajua zaidi. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mafuriko yaliingia hata majumbani, na sakafu iliyolowa namna hiyo haikauki kwa jua la wiki moja.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji fundi wala mashine. Chukua kipande cha nailoni safi, sentimita 45 kwa 45. Kibandike kwenye beto tupu kwa utepe pande zote nne, hewa isipite. Kiache saa 16 au zaidi, yaani jioni mpaka kesho yake. Ukikinyanyua ukaona matone, au beto ya chini yake imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, usipake. Nailoni ikiwa kavu ni dalili njema, ingawa kampuni zilizo makini huthibitisha kwa mashine ya kupima. Fanyeni kipimo hiki mbele ya kapita, na mmoja wenu aandike tarehe. Karatasi hiyo inaweza kuwa mshahara wenu.

Angalieni pia asubuhi. Sakafu baridi hutoa jasho kama chupa ya bia iliyotoka kwenye barafu. Mafundi hutaka sakafu izidi kwa nyuzi 3 kile kiwango cha baridi ambacho umande huanza kutua. Asiye na kipimo na angoje jua lipande na apitishe kiganja.

Kuhusu nyufa nitasema machache. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta na sakafu nyingi katika Rubavu. Ufa uliotulia hupanuliwa, husafishwa na kujazwa. Ufa unaoendelea kucheza utapasua rangi juu yake, hata fundi awe nani. Tajiri aelezwe hivyo kabla ya kazi kuanza.

Ndugu zangu, hayo ni mambo ya sakafu. Kuna na mambo ya mwili, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua.

Mmoja wa wale vibarua wanne alikuwa ameficha mikono mifukoni. Nilipomwomba aitoe, vidole vilikuwa vimevimba, vimepasuka, vinatoa majimaji. Kope zake pia zilikuwa zimevimba. Alikuwa amepaka epoksi mwezi mzima katika depo mbalimbali kwa mikono mitupu, na jioni alikuwa akinawa kwa thina kwa sababu sabuni haikutoa ile gundi.

Epoksi ambayo haijaganda ina tabia mbaya. Unaweza kuishika siku nyingi bila kuona lolote. Kisha siku moja mwili unaikataa, na ukishaikataa umeikataa daima. Madaktari huita hali hiyo mzio. Kuanzia hapo hata tone dogo, hata mvuke wake tu, unaweza kukurudishia uvimbe na muwasho. Hakuna sindano ya kuuondoa. Mtu analazimika kuacha ufundi wake. Na thina huzidisha, kwa sababu huondoa mafuta ya ngozi na kuifungulia sumu mlango. Ikikugusa, ifute kwa kitambaa, nawa kwa maji na sabuni nyingi, badili nguo iliyolowa.

Glavu ziwe za nitrili. Zile nyembamba nyeupe za hospitali epoksi hupita ndani yake, na mbaya zaidi zinakudanganya kwamba umekingwa. Glavu ikichafuka ndani, tupa. Vaa mikono mirefu na miwani, fungua milango yote. Epoksi ikishakauka kabisa haina tena ubaya huo, lakini kukauka kabisa ni kama siku 7, si kesho yake asubuhi. Kesho yake unaweza kutembea juu yake kwa viatu. Forklifti ingoje.

Kabla ya rangi kuna kukwangua beto kwa mashine, ili rangi ipate mahali pa kushika. Vumbi lake ni jeupe na laini, nalo lina chembe za mchanga zinazokwenda mpaka chini ya mapafu na kuyafanya makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao hauponi. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu. Inatakiwa mashine yenye kufyonza vumbi, au kulowesha sakafu, pamoja na barakoa ya kuchuja vumbi. Wanaopendelea kulowesha wakumbuke kungoja ikauke tena, na kipimo cha nailoni kinaanza upya.

Nani anunue vitu hivyo? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi hata senti. Na Sheria ya Kazi ya Rwanda, namba 66/2018, inampa mwajiri wajibu wa usalama na afya ya wafanyakazi wake, na katika jambo hilo inamlinda hata mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Kwa hiyo anayeambiwa "njoo na glavu zako" ana haki ya kuuliza. Aombe pia karatasi ya usalama ya dawa. Watengenezaji huitoa kwa kila aina, nayo ina sehemu 16. Sehemu ya 4 ni huduma ya kwanza, sehemu ya 8 ni vifaa vya kujikinga. Ikiwa kwa Kiingereza au Kifaransa, ileteni ofisini tuisome pamoja.

Ugomvi wa malipo huanzia kwa wajumbe wa wafanyakazi pale kazini, wakiwapo. Ukishindikana unakwenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, na baadaye mahakamani.

Wale wanne hawakuwa na mjumbe, tukaenda kwa mkaguzi. Alikubali kufika depo. Tulichagua mahali palipobanduka, tukapakwangua mpaka beto tupu, tukabandika nailoni jioni mbele ya kapita. Kesho yake ilipobanduliwa, matone yalikuwa yametanda chini yake. Mwenye depo alitazama, hakusema neno, akatoka nje. Malipo yao ya wiki ile walipewa siku ya Ijumaa, kamili. Dawa ya mikono ya yule mmoja bado tunaifuatilia. Yeye hajarudi kwenye rangi. Sasa anafyatua matofali, na anasema simenti haimwashi.