Visu Viwili vya Kukunja: Jinsi ya Kuchagua Kimoja cha Kuchukua Kila Siku

Mtu akaaye Kibirizi hapitishi siku nzima bila kuhitaji kisu. Asubuhi mitumbwi ikirudi na dagaa, kuna kamba za kukata na nyavu za kutengeneza. Mchana kuna magunia ya kufungua na migebuka ya kupasua. Naye abiria wa maboti yaendayo vijiji vya kaskazini hutaka kumenya embe au muwa njiani. Kwa kazi hizo ndogo panga ni kubwa mno, na kisu cha jikoni hakichukuliki mfukoni bila kutoboa nguo au kujeruhi paja. Kwa sababu hiyo watu wengi hupenda kisu cha kukunja.

Maneno haya yameandikwa ili kukusaidia wewe mwenye fedha ya kununua kisu kimoja tu, nawe wataka kikufae miaka mingi. Usidhani ni jambo dogo. Mvuvi aliyekatwa vidole katika siku za giza, wakati dagaa wafuatapo taa, hukaa pwani akizitazama taa za wenziwe ziwani. Na kidonda kitakapopona, mbalamwezi imekwisha kurudi. Hivyo kisu kibaya chaweza kula mapato ya giza zima.

1. VISU VYENYEWE

Visu vikubwa vya kukunja viko vya namna nyingi, lakini hapa tutalinganisha viwili vyenye sifa duniani, vyote viwili vya mpini wa mti na vya bei isiyo ya kitajiri.

Cha kwanza ni Okapi. Kisu hiki kilianza kutengenezwa mwaka 1902 katika mji wa Solingen, Ujerumani, ili kipelekwe katika nchi za Afrika zilizokuwa chini ya Wadachi, nayo nchi hii ilikuwa mojawapo wakati huo. Jina lake ni la mnyama akaaye katika misitu ya Ituri, huko Kongo. Tangu miaka ya 1980 kisu hiki hutengenezwa Afrika ya Kusini. Utakitambua kwa pete ndogo iliyo mgongoni mwake, na mara nyingi kwa alama za mwezi na nyota za madini zilizotiwa katika mpini. Tukiite kisu cha pete ya kuvuta.

Cha pili ni Opinel, kilichobuniwa na Joseph Opinel katika milima ya Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Mwaka 1897 visu hivyo vilipewa namba kwa kadiri ya ukubwa wake. Namba 8 ina ubapa wa sentimeta 8 na nusu, namba 10 una sentimeta 10, na namba 12 una sentimeta 12. Shingoni mwake ipo pete pana ya chuma iliyopasuliwa upande mmoja, iliyoongezwa mwaka 1955. Tukiite kisu cha pete ya kuzungusha.

2. KUFULI YA KISU

Jambo la kwanza la kutazama katika kisu cha kukunja si ukali wake. Ukali waweza kuutia mwenyewe kwa kinoo. Jambo la kwanza ni kitu kinachozuia ubapa usijifunge juu ya vidole vyako ungali ukifanya kazi.

Katika kisu cha pete ya kuvuta, kamani ya chuma hulala mgongoni mwa mpini, nayo hushika meno yaliyochongwa katika shina la ubapa. Ukifungua, meno hulia moja baada ya jingine. Ukitaka kukunja, huvuta pete ili kamani iinuke. Uzuri wake ni kwamba chajifunga chenyewe, wala hakimtegemei mtu kukumbuka. Ubaya wake ni kwamba meno hulika kwa matumizi, na magamba ya samaki au mchanga hujaa kati yake, hata kamani isikae barabara. Tena mtu mwenye haraka huweza kusikia mlio akadhani kisu kimefunguka chote, kumbe bado.

Katika kisu cha pete ya kuzungusha hakuna kamani. Ukisha kufungua ubapa, wazungusha pete mpaka chuma chake kiuzuie ubapa kurudi. Tangu mwaka 2000 pete hiyo huzuia pia ubapa uliokunjwa usifunguke mfukoni. Uzuri wake ni wepesi wa kutazamwa: pete yaonekana, nawe wajua hakika kama imefunga au haikufunga. Ubaya wake ni kwamba ukisahau kuizungusha, huna kufuli kabisa.

Kwa visu vyote viwili kanuni ni moja: kata, usichome. Mtu achomaye kwa ncha husukuma mkono wake kuelekea ubapa, na kufuli ikishindwa hapo, vidole ndivyo vitakavyolipa.

3. MAJI NA KUTU

Mpini wa Opinel ni kipande kimoja cha mti kilichopasuliwa ufa ili ubapa ulale ndani. Mti ukinywa maji huvimba, na ufa hubana ubapa hata kucha zishindwe kuutoa. Jambo hili likitukia, usiushike ubapa kwa meno wala kwa koleo. Hakikisha kwanza pete haikufunga, kisha gonga nyuma ya mpini juu ya jiwe au ubao mgumu. Ncha itatokeza kidogo, nawe utaweza kuishika. Baada ya hapo kianike kivulini, kikiwa wazi, mpaka kikauke. Usikianike juani wala karibu na moto, maana mti utapasuka.

Katika Okapi ubapa wake ni wa pua ya kawaida, yaani ile ishikayo kutu. Opinel hupatikana kwa namna mbili: ya pua ya kawaida na ya pua isiyoshika kutu upesi. Pua ya namna ya pili imechanganywa na kromu, sehemu 10 na nusu au zaidi katika 100. Hainoleki kwa wepesi kama ile ya kawaida, lakini haibadiliki rangi kwa ndimu wala kwa maji ya samaki. Hata hivyo, usidanganywe na jina lake: ikiachwa na unyevu na uchafu siku nyingi, nayo huota madoa.

Watu wengine hutumia sumaku ili kujua kama kisu ni cha pua isiyoshika kutu. Jaribio hilo ni bure, kwa kuwa pua ya visu, hata ile yenye kromu, huvutwa na sumaku. Jaribio lililo bora ni ndimu. Kata ndimu, acha maji yake juu ya ubapa kwa dakika chache. Pua ya kawaida itafanya weusi. Ile nyingine itabaki nyeupe. Jaribu hivyo kwa kisu chako mwenyewe, si kwa mali ya duka kabla ya kulipa.

4. UKUBWA

Weka ubapa juu ya kiganja chako. Ukienea upana wa vidole vinne na kuzidi kidogo, watosha kwa kazi zote za kila siku. Ubapa wa sentimeta 12 wapendeza kupasua samaki mkubwa na kukata mkate, lakini mfukoni ni mzigo, na mikononi mwa mtu asiyezoea ni hatari. Kwa watu walio wengi, sentimeta 10 ni kiasi kizuri.

Kumbuka pia kwamba kisu kikubwa cha kukunja si panga, wala shoka, wala mtaimbo. Usikitumie kukata makuti ya mchikichi, wala kufungulia kopo la rangi, wala kubandulia ubao. Ubapa wa Opinel hasa ni mwembamba. Hukata vizuri sana kwa sababu hiyo, lakini ncha yake huvunjika ukikongoa nayo.

5. KUCHUNGUZA DUKANI

Kabla hujatoa fedha, fanya mambo haya:

(a) Fungua kisu, funga kufuli, kisha tikisa ubapa kulia na kushoto. Ukicheza sana, kirudishe.

(b) Kandamiza mgongo wa ubapa polepole juu ya meza ya mwenye duka, vidole vikiwa mbali na njia ya ubapa. Kufuli ikiachia, usikinunue hata kwa nusu ya bei.

(c) Kunja kisu, upitishe kidole polepole juu ya ufa wa mpini. Ncha isitokeze nje.

(d) Fungua na kufunga mara kumi. Kisu kitakachochosha dole gumba dukani kitakushinda mikono ikiwa na utelezi wa samaki.

6. UTUNZAJI

Baada ya kazi, kioshe kwa maji safi na sabuni, usikiloweke. Kipanguse, hasa katika maungo ya ubapa na mpini, ambapo magamba hujificha. Tone moja la mafuta ya cherehani latosha katika msumari wa maungo. Ubapa uupake mafuta safi ya kupikia kidogo sana, maana wagusa chakula. Mawese yasitiwe katika maungo, kwa kuwa huganda na kushika mchanga.

Kisu kilicholala huharibika kuliko kifanyacho kazi. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hili ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti. Kisu kilichotupwa katika sanduku lenye unyevu kwa miezi mitatu kama hiyo, bila kukaushwa wala kupakwa mafuta, hutoka na mashimo ya kutu yasiyofutika.

Katika kunoa, watu hukosea pembe. Chukua karatasi yenye pembe ya mraba, ikunje pembe hiyo katikati, kisha ikunje tena katikati. Pembe iliyobaki ndiyo ya kuinulia ubapa juu ya kinoo. Vuta ubapa kama utakaye kukata kipande chembamba cha jiwe, mara sawa kila upande. Pima ukali kwa kukata karatasi, wala usipime kwa dole gumba. Usikipeleke kwa fundi mwenye jiwe la umeme asiyetia maji: ubapa ukigeuka rangi ya buluu, ugumu wa pua umekwisha ondoka pale, na makali hayatadumu tena.

7. ADABU NA SHERIA

Kisu ni chombo cha kazi, na kikae kazini. Kanuni ya Adhabu yakataza mtu kutembea na silaha mbele ya watu bila sababu ya halali kwa namna ya kuwatia hofu. Usikifungue sokoni wala ndani ya boti iliyojaa abiria ila kwa kazi inayoonekana. Hapa kisu cha pete ya kuvuta chataka uangalifu zaidi, kwa sababu mlio wa meno yake huwashtua watu. Ukimpa mwenzio kisu, kikunje kwanza. Wala usimwachie mtoto kisu ambacho hujamfundisha kukifunga.

Ukijikata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kuinua mkono. Jeraha likiwa refu, au likiwa limeingia maji ya samaki, nenda katika zahanati au hospitali ya Maweni bila kukawia, uulize pia habari za sindano ya pepopunda.

8. SHAURI LETU

Ukiwa mchuuzi wa samaki, au mama lishe, au msafiri, chagua kisu cha pete ya kuzungusha, namba 10, chenye ubapa usioshika kutu. Kazi yako ni ya majimaji na ya chakula, na uvimbe wa mpini wazuilika kwa kukausha.

Ukiwa mtu wa shamba, ambaye kazi yake ni kamba, magunia, mihogo na vijiti, kisu cha pete ya kuvuta kitakufaa. Mara nyingi bei yake ni ya chini, na hunoleka kwa wepesi. Bali kiangalie meno yake kila juma, na siku yatakapoanza kuteleza, kiache.

Ama ukiwa mvuvi uendaye ziwani usiku, twakuambia wazi: usitegemee hata kimoja cha visu hivi ndani ya mtumbwi. Vyote viwili hutaka mikono miwili ili kufunguliwa. Kamba ikikuzinga mguu na wavu ukashuka, una mkono mmoja tu, na muda mfupi kuliko pumzi. Chukua kisu kisichokunjwa, kikae ndani ya ala, kifungwe kiunoni kwa ugwe. Kile cha kukunja kiache pwani, kikungoje alfajiri kwa kazi ya magunia.

Wazee husema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Neno hilo ni kweli, ila lafaa kuongezwa hili: ale nyama, naye abaki na vidole vyake kumi.