Vitufe vya gari la mkononi: kasoro ndogo yenye hatari kubwa

Jioni moja tulikuwa tukipanda kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama. Gari lilikuwa la mkononi, lililotoka Japani na kushushwa bandari ya Dar es Salaam kabla ya kuingia Burundi kupitia Kobero. Nyuma kulikuwa na magunia ya mama mmoja mfanyabiashara. Ukungu ulikwisha anza kushuka. Tukiwa kwenye kona, gurudumu likapasuka.

Nikatafuta kitufe cha taa za tahadhari, zile ambazo madereva wengi huziita hazadi. Pembetatu yake nyekundu ilikwisha futika zamani, lakini mahali pake nilipajua. Nikabonyeza mara tatu, mara nne, taa hazikuwaka.

"Baba, tutoke, lori litatusaga humu," mama yule akasema.

Tukatoka, tukavunja matawi na kuyatandaza barabarani. Malori mawili yalipita karibu nasi yakipiga honi, na kila mmoja wetu akiomba kimoyomoyo.

Kesho yake nilikwenda Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambako mafundi wa magari ni wengi. Fundi alifungua swichi ile, akanionyesha vumbi na kutu ya kijani kwenye vyuma vya ndani. Akaisafisha, nayo ikawaka. Kumbe tulinusurika kifo kwa sababu ya uchafu tu.

Kwa nini vitufe huchakaa

Vitufe vingi hutengenezwa kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, kisha hupakwa rangi nyeusi. Alama huchorwa kwa kuondoa rangi hiyo, ili taa ndogo iliyo nyuma iimulike usiku. Kucha, pete, jasho na mchanga huikwangua rangi hiyo mwaka baada ya mwaka. Magari mengine, hasa ya Ulaya, vitufe vyake vimepakwa utando laini kama mpira, ambao ukizeeka hunata vidoleni.

Unavyoweza kurekebisha

Kama kitufe kinafanya kazi lakini alama imefutika, kisafishe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kikaushe, kisha ukifute kwa spiriti. Baada ya hapo bandika stika yenye alama ile ile, au upake rangi nyeusi nyepesi na kuacha alama wazi. Acha ikauke siku nzima kabla ya kukigusa.

Kama kinanata, kisugue polepole kwa kitambaa laini chenye spiriti mpaka utando wote utoke. Usitumie petroli, tina wala asetoni. Plastiki itayeyuka na alama itapotea kabisa.

Kama unabonyeza na hakiitiki, au kinaitika leo na kesho kinagoma, kosa huenda liko ndani. Swichi ya vioo upande wa dereva ndiyo huugua zaidi, kwa kuwa hutumika kuliko zote na hupata mvua na vumbi kioo kikiwa wazi. Fungua kwanza waya wa hasi wa betri. Ikiwa redio ya gari lako hudai namba ya siri, hakikisha unayo kabla ya kukata umeme. Nyanyua paneli kwa kipande cha plastiki au kijiti kilichofungwa kitambaa, maana bisibisi huacha makovu. Unapochomoa soketi, shika plastiki yake, usivute waya. Fungulia swichi juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu springi zake ndogo huruka na kupotea. Sugua vyuma kwa kifutio cha penseli au msasa laini sana, pangusa vumbi, kisha urudishie. Ukikuta plastiki imeungua, usihangaike; tafuta swichi nyingine, na ulinganishe namba yake na idadi ya pini kabla ya kulipa.

Vitufe vilivyo kwenye usukani mwachie fundi anayejua mfuko wa hewa. Mfuko huo ukifyatuka usoni, huumiza vibaya.

Kabla ya kununua

Wewe uliyerejea nyumbani na akiba yako, au unayevuka mpaka kutafuta gari la biashara, usitoe pesa kabla ya kubonyeza kila kitufe: vioo vyote, taa, honi, waipa, hewa ya kufuta ukungu kwenye kioo cha mbele, na hazadi. Jaribu pia kile kinachofunga vioo vya nyuma, kwa sababu mtoto akipiga goti juu ya swichi, kioo kinaweza kumbana shingo.

Tena, vitufe ni mashahidi. Dashibodi ikikwambia gari limetembea kilomita chache, huku alama za vitufe zimefutika, usukani unang'aa na mpira wa pedali umelika, ujue namba hizo huenda zimerudishwa nyuma. Na wewe unayeuza, rekebisha swichi kwa nia njema, umwambie mnunuzi ulichobadilisha.

Tangu siku ile, kabla ya kupanda mlima ule, mimi huwasha hazadi na kushuka kuhakikisha kwamba taa zinawaka, mbele na nyuma. Ni kazi ya dakika moja.